Mafundi wa Glasgow na sauti ya simu yako

Kabla hujaongeza sauti kwenye hedifoni, twende kwanza Glasgow, Uskoti, mwaka 1886. Daktari wa masikio Thomas Barr aliwapima wafanyakazi 300: mafundi 100 waliounda boila za mvuke, 100 waliomimina chuma kwenye kalibu, na matarishi 100 wa posta. Alitumia saa: unaishika karibu na sikio, unaisogeza, unaangalia mtu anasikia mlio wake kwa umbali gani.

Matarishi wengi walisikia vizuri. Na mafundi wa boila? Hata mmoja hakuwa na usikivu wa kawaida.

Sababu si ngumu. Vyuma vya boila viliunganishwa kwa ribiti. Fundi mmoja aliingia ndani ya boila kuzishikilia, wenzake wakigonga kwa nyundo kutoka nje. Mle ndani kelele ilikuwa haina pa kutokea.

Kumbe hata hili halikuwa jipya. Mwanzoni mwa karne ya 18 daktari Mwitalia Bernardino Ramazzini alishaandika kwamba wafua shaba wa Venice walikuwa wakipoteza usikivu. Lakini watu waliona uziwi ni sehemu ya kazi, basi. Barr alileta hesabu, pamoja na kundi la kulinganisha.

Ndani ya kila sikio una seli takribani 15,000 zenye vinyweleo. Ndizo zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara ya umeme kwenda kwenye ubongo. Zikifa, hazioti tena. Zinazopokea sauti nyembamba hutangulia kufa, kwa hiyo herufi kama "s" na "f" zinapotea mapema. Ndiyo maana mtu husema, "Nakusikia, ila sikuelewi." Na kwa kuwa haiumi, anachelewa kujua.

Je, hesabu za Barr zilileta sheria? Uingereza ilitoa kanuni za kelele kwa sehemu za kazi kwa ujumla mwaka 1989. Zaidi ya miaka 100!

Wakati huo kelele ilikuwa imeshatoka kiwandani. Mwaka 1979 Sony ilitoa Walkman, na watu wakaanza kutembea na muziki masikioni. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki. Kwa desibeli 90, ni saa 4 tu. Mbona zinashuka hivyo? Kwa sababu kila desibeli 10 zinazoongezeka ni nishati mara 10, hivyo muda nao unagawanywa kwa 10.

Sasa fikiria safari yako ya daladala. Injini inanguruma, unapandisha muziki ili uishinde. Sikio linabeba vyote viwili. Ukishuka masikio yanavuma, ujue umezidisha. Fundi wa Glasgow hakuwa na kitufe cha kupunguza nyundo. Wewe unacho, na hakuna mkaguzi atakayekuja kukubonyezea.