Bibi wa Kwenye Chupa

Mwaka jana nilipata kazi ya kuandika maneno ya kubandikwa kwenye chupa ya vidonge vya manjano. Mwenye biashara alitaka sentensi tano, na ndani yake iwemo "siri ya bibi zetu wa Pwani". Mimi sina bibi mwenye siri. Nina Masi.

Masi si wa damu yangu. Ni Bohora, anakaa ghorofa ya juu yetu hapa Kibokoni, na tangu niko mdogo nikikohoa tu, namsikia anashuka ngazi na bilauri ya maziwa ya moto: manjano, pilipili manga, samli kidogo. Mtoto mchanga akisokotwa na tumbo, anachemsha shamari, anachuja kwa kitambaa, anapoza. Vipimo? Alinionyesha kiganja. "Hivi." Nilisoma famasia miaka miwili kabla sijaacha chuo, na huko hakuna aliyepima dawa kwa kiganja. Lakini ni huko huko nilikojua kwamba kurkumini, ile kemikali ya manjano, huyeyuka kwenye mafuta wala si kwenye maji, na kwamba piperini ya pilipili manga huusaidia mwili kuifyonza. Masi hajui piperini ni nini. Samli yake inajua.

Watu husema mambo haya yaliletwa na reli. Wapi! Ujenzi wa reli ulianza hapa Mombasa 1896 na ukaleta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, sawa. Ila Vasco da Gama alipofika pwani hii 1498, wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa Malindi tayari. Hata mwarobaini, mti tunaojidai nao kwamba unatibu maradhi arobaini, asili yake ni ng'ambo hiyo hiyo. Tuliupa jina la Kiswahili, na ugeni wake ukaishia hapo.

Wenye makampuni nao waliuona. 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliwapa W.R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani hataza, yaani haki ya kumiliki peke yao, juu ya njia ya kuua kuvu kwa mafuta ya mwarobaini. Vandana Shiva na wenzake wakapinga: jambo hili wakulima wa India wanalijua zamani. Hataza ilifutwa 2000, na rufaa ikatupwa 2005. Manjano nayo ilikuwa na kesi yake. Marekani ilitoa hataza ya kuitumia kuponya vidonda 1995. India ikapeleka maandishi yake ya kale, na 1997 hataza ikafutwa. Hebu fikiria, unaenda kutafuta ushahidi kwamba bibi yako alikuwa na jikoni.

Lakini nisimpambe Masi kupita kiasi. Kwenye rafu yake, kando ya kopo la shamari, kuna chupa ya gripe water. Dawa hiyo ilibuniwa na Mwingereza, William Woodward, huko Nottingham 1851, kwa mafuta ya mmea wa jamii ya shamari, soda, sukari, na pombe. Pombe, kwa mtoto mchanga! Baadaye ikaondolewa. "Mkono huchoka, mwanangu," aliniambia nilipoishangaa. Na si kila cha kienyeji ni salama: kule Bangladesh watafiti walikuta manjano ya unga iliyotiwa rangi yenye risasi ili ing'ae. Masi hununua mizizi mizima Marikiti, anasaga mwenyewe.

Nilipomsomea sentensi zangu, aliuliza, "Bibi gani huyo?" Halafu, "Na mwenye mimba, umemwambia asimeze ovyo?"

Sikuwa nimemwambia. Kijiko ndani ya maziwa ni chakula. Kidonge kilichokamuliwa kikakolezwa ni kitu kingine, na mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda anaweza kuvuja damu. Hilo nililisoma darasani. Nikamtoa bibi, nikaweka onyo.

Jibu lilikuja usiku ule ule: "Onyo linatisha wateja. Toa. Bibi mrudishe."

Nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi miwili. Nikamrudisha.

Chupa imetoka. Bibi amechorwa mbele, mwenye ushungi, anatabasamu. Masi hajaiona bado.