Merikebu Tatu za Kent: Masimulizi ya Ujio wa Wasaksoni na Matumizi Yake Kama Chanzo cha Historia

Mtafiti wa ujio wa Wasaksoni nchini Britania katika karne ya 5 hukabiliwa na jambo la ajabu: kadiri mwandishi alivyo mbali na tukio, ndivyo anavyolijua kwa undani zaidi. Gildas, Mbritoni aliyeandika katika karne ya 6, anasimulia kwamba mtawala mwenye kiburi aliwaalika Wasaksoni wawapige maadui wa kaskazini, nao wakaja kwa merikebu tatu. Viongozi wao hawataji. Bede, aliyekamilisha historia yake mwaka 731, anawataja Hengist na Horsa, tena kwa tahadhari ya kusema kuwa ndivyo inavyosemwa. Kumbukumbu za Kianglo-Saksoni, zilizokusanywa mwishoni mwa karne ya 9, zinaongeza mahali pa kushukia, Ebbsfleet, na mwaka wa kifo cha Horsa, 455.

Nyongeza hizo zina asili yake. Kumbukumbu hizohizo zinadai kuwa mwaka 501 mtu aitwaye Port alishuka Portsmouth kwa merikebu mbili. Jina hilo latokana na neno la Kilatini lenye maana ya bandari. Kwa hiyo ni mahali palipomzaa mtu, wala si mtu aliyepapa mahali jina. Karibu na Aylesford, Kent, wenyeji walizoea kuyaita mawe makubwa ya Kit's Coty kaburi la Catigern, mwana wa Vortigern, ilhali mawe hayo yalisimamishwa na wakulima wa Zama za Mawe, maelfu ya miaka kabla ya vita vyenyewe.

Akiolojia inasimulia mengine. Makaburi ya Spong Hill, Norfolk, yalitoa mabaki ya watu zaidi ya 2,000 waliochomwa, mengi yakiwa ndani ya vyungu vinavyofanana na vya kaskazini mwa Ujerumani. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban robo tatu ya nasaba ya wakazi wa mashariki mwa Uingereza wa enzi hizo ilitoka ng'ambo ya bahari, wanawake kwa wanaume. Watu hao hawangeenea katika merikebu tatu.

Hata hivyo, kuyatupa masimulizi haya kungekuwa haraka isiyo na faida. Bede alipata habari za Kent kupitia abate Albinus wa Canterbury, na wafalme wa Kent walijinasibisha na Hengist. Kwao mwaliko ulikuwa hati ya ardhi: babu yao hakuvamia, aliitwa. Waandishi wa upande wa Wabritoni waliikubali hati hiyo, kisha wakaichafua. Katika Historia Brittonum ya karne ya 9, Vortigern aliyelewa anaitoa Kent kama mahari ya binti wa Hengist, huku mtawala wa Kent mwenyewe akiwa hana habari.