Nyasi, Bati na Sufu: Habari za Mapaa ya Kigongo

Kondoo wa Usukuma ni mnyama wa nyama na mafuta, wala si wa nguo. Mkia wake ni mnene, singa zake ni fupi na zimenyooka kama za mbuzi, na mfugaji wa Kigongo, hata akiwa na zizi lililojaa, hatapata kwao sufu ya kutosha kujaza mto wa kulalia. Kwa sababu hiyo ile hikima ya watu wa nchi za baridi, tangu Wamongolia wanaozungushia mahema yao vitambaa vinene vya sufu iliyoshindiliwa, hadi wajenzi wa Uingereza wanaoitandaza juu ya dari ili nyumba isipoteze joto, haikupata kufika katika ukingo huu wa Ghuba ya Mwanza. Lakini kazi yenyewe ya sufu, yaani kuikamata hewa kati ya nyuzi zilizojikunja isiweze kutembea na kulisafirisha joto, wajenzi wa Kisukuma waliifanya tangu zamani kwa nyasi, na kwa ustadi unaostahili kutajwa kwa taadhima.

Nyumba ya asili ilikuwa msonge: kuta za miti na udongo, na juu yake paa refu lililochongoka, lililofungwa kwa fito na kuezekwa nyasi tabaka juu ya tabaka, likashuka chini hata mtu mzima akalazimika kuinama mlangoni. Kushuka huko hakukuwa upungufu wa maarifa, maana upenu uliutia ukuta kivuli mchana kutwa na kuukinga udongo na mvua ya ziwani inayokuja kwa upepo. Moto wa kuni uliowashwa ndani ulipandisha moshi ndani ya nyasi, ukawafukuza wadudu na kuzifanya zidumu. Na tuikumbuke tabia ya nchi hii: Ziwa Viktoria limekaa mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, jua lake ni la Ikweta, majabali ya matale hunyonya joto mchana na kulirudisha jioni, kisha usiku wa manane baridi huingia na watoto wakatafuta nguo ya kujifunika. Paa nene la nyasi lilizizuia hali zote mbili, joto lisishuke adhuhuri na lisitoroke alfajiri. Mwenye kutaka kuyahakikisha haya aende Bujora, karibu na Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoasisiwa na padre David Clement, aingie katika nyumba ya nyasi wakati wa jua kali, kisha aingie katika yoyote ya bati iliyo jirani.

Majirani wa kusini, Wanyamwezi, walifikia makusudio hayo kwa njia nyingine: tembe za nchi yao, kama ile ya Kwihara alimokaa Livingstone mwaka 1872, zilibeba udongo mzito juu ya dari bapa. Ama sufu halisi, ilijaribiwa upande wa mashariki, katika nyanda za juu za Kenya, ambako Lord Delamere alileta kondoo wa merino kutoka New Zealand mwanzoni mwa karne ya 20. Wengi wakafa huko Njoro, kwa kuwa malisho yale yalikosa madini. Sufu iliyopatikana baadaye iliuzwa ikafumwe, na sijui nyumba hata moja ya Afrika Mashariki iliyoezekwa au kujazwa kwayo.

Bati liliingia Mwanza pamoja na biashara, likazidi baada ya reli kufika mwaka 1928, lakini kilicholipandisha juu ya nyumba za vijijini ni pamba. Wakulima walipojikusanya katika vyama vya ushirika, hata ukaundwa muungano wao mkuu mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani, fedha ya mavuno ilianza kubaki mikononi mwa mkulima mwenyewe, na aghalabu aliitumia kwa ng'ombe, baiskeli na mabati. Simlaumu hata kidogo. Nyasi zilimtaka aezeke upya kila baada ya miaka kadhaa, cheche moja iliweza kuteketeza mali ya ukoo mzima, na paa la nyasi halikumpa maji safi ya kukinga kwenye pipa. Fauka ya hayo, bati likawa fahari, na katika miaka ya 1970, watu walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa, nyumba bora ikaelezwa kuwa ile ya pembe nne na paa la bati. Kwa kijana wa wakati ule, kuezeka nyasi kulikuwa kukiri umaskini.

Hasara ilikuja kimya kimya. Bati ni wembamba mtupu, halina hewa ndani yake: adhuhuri linamwaga joto juu ya kichwa cha mgonjwa aliyelala, na usiku usio na mawingu linapoa upesi hata mvuke wa pumzi za waliolala ukageuka matone. Sufu inaweza kunywa mvuke wa karibu theluthi ya uzito wake bila kuonekana imelowa, na nyasi nazo hunywa kwa kadiri yake. Bati halinywi kitu.

Leo daraja la J.P. Magufuli, lililofunguliwa Juni 2025, limeunganisha Kigongo na Busisi, mahali ambapo malori yalikuwa yakingoja kivuko kwa saa nyingi, na saruji na mabati yanavuka kwa urahisi ambao wazee hawakuujua. Nyumba zitaongezeka pande zote mbili, na kurudi kwenye nyasi si jambo la kutarajiwa. Ninaloliona kuwa karibu na uwezo wetu ni dari iliyojazwa kitu chenye kushika hewa, na kitu hicho hatuna haja ya kukiagiza kwa wafugaji wa ng'ambo. Katika viwanda vya pamba vya mkoa huu kuna nyuzi fupi zinazobaki juu ya mbegu baada ya kuchambuliwa, zilezile zinazofaa kujazia magodoro. Zikichanganywa na boraksi, kama wafanyavyo wenye sufu kuwazuia nondo, hazitashika moto upesi wala kuliwa na wadudu. Na mafundi wa wilaya yetu ya Misungwi wangeweza kuanza na chumba kimoja cha zahanati, wakapima joto lake adhuhuri na alfajiri kwa muda wa mwaka mzima, mvua na kiangazi.