Fyuzi Iko Wapi? Urithi wa Kikoloni katika Plagi za Kigali

Anayehamia Kigali kutoka Kampala na pasi yake hukuta plagi ya pini tatu bapa haiingii kwenye soketi za hapa. Wengi huona ni usumbufu wa kununua adapta tu. Kwangu mimi ni swali la historia. Katika insha hii nitaonyesha kwamba tofauti hiyo ni urithi wa ukoloni, na kwamba inahusu mahali fyuzi inapokaa.

Fyuzi ni waya uliofanywa dhaifu kwa makusudi. Umeme ukizidi kiasi, huyeyuka na kukata njia kabla nyaya za nyumba hazijaungua. Thomas Edison alipewa hataza ya fyuzi nchini Marekani mwaka 1890. Mwaka 1924 Hugo Stotz wa Mannheim, Ujerumani, alisajili swichi inayojikata yenyewe, ambayo baada ya hitilafu hurudishwa tu.

Katika Ulaya bara, ulinzi uliwekwa kwenye sanduku kuu: kila njia ya soketi ina fyuzi au swichi yake, kwa kawaida ya ampia 10 au 16. Plagi haina fyuzi. Ubelgiji iliingia Rwanda mwaka 1916 na kuitawala hadi 1962. Kituo cha umeme wa maji cha Ntaruka kilianza kazi mwaka 1959, miaka mitatu tu kabla ya uhuru. Hivyo nyumba zetu zilirithi desturi ya Ulaya bara.

Uingereza ilifuata njia nyingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili shaba ilikuwa adimu, kwa hiyo mafundi walizungusha waya mmoja wa ampia 30 kulisha soketi nyingi. Lakini ampia 30 zinaweza kuunguza waya mwembamba wa taa ya mezani bila fyuzi ya sandukuni kukatika. Ndiyo sababu kiwango cha mwaka 1947 kiliweka fyuzi ndani ya plagi yenyewe. Leo nyingi ni za ampia 3 au 13. Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi plagi hiyo.

Rwanda ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, bidhaa zilivuka mpaka kwa urahisi zaidi, na mifumo hii miwili ikakutana nyumbani mwetu. Ukiikata plagi ya Kiingereza na kufunga ya pini mbili za mviringo, umeitupa fyuzi pamoja nayo. Mlinzi anayebaki ni sanduku kuu peke yake. Kama huko nako mtu amechoka na fyuzi inayokatika akafunga kipande cha waya mnene wa shaba, hakuna mlinzi tena. Gharama yake tunaifahamu: mwaka 2014 moto ulipoteketeza sehemu za magereza ya Muhanga na Rubavu, shoti ya umeme ilitajwa miongoni mwa sababu zilizoshukiwa.

Kwa kuhitimisha, Jumuiya imeunganisha soko kabla ya kuunganisha soketi. Mpaka uliochorwa na wakoloni bado umo ukutani. Hadi utakapoondolewa, kila anayeshika bisibisi na ajiulize kwanza: katika nyumba hii, fyuzi iko wapi?