Ctrl+S na mizimu ya teletaipu

Leo tuweke pembeni bumu na ratiba ya mitihani, tuongee historia. Sio ile ya Berlin 1884, hiyo tulishaimaliza sekondari. Hii ni historia ya vidole vyetu. Kwa nini Ctrl+S kwenye programu moja inahifadhi kazi, kwenye nyingine inatafuta neno, na kwenye ya tatu skrini nzima inaganda?

Nauliza kwa sababu wiki mbili zilizopita kitufe hicho kilimliza mtu. Mshikaji wangu wa chumbani alikuwa anaandika kodi ya mradi wake wa mwisho usiku, akiwa ameingia kwenye seva moja ya zamani ambayo Vim yake bado ni 7.4. Kidole kikaenda Ctrl+S kwa mazoea. Kimya. Akabonyeza kila kitu, wapi! Akafunga dirisha, akalala na hasira. Asubuhi alipofungua faili Vim ikamwambia kuna faili la akiba, ikampa machaguo. R ingemrudishia kazi yake. Yeye na usingizi wake akapiga D, ya kufuta. Saa tano za kazi zikaenda na maji.

Sasa mchawi nani? Wengi pale chumbani walisema kompyuta mbovu. Mimi nasema mchawi ana miaka zaidi ya 60, na tunaweza kumtaja.

Turudi 1963. Mwaka huo Marekani ilitoa orodha ya ASCII, namba 128 za kuwakilisha herufi kwenye mashine. Namba 32 za mwanzo hazikuwa herufi kabisa. Zilikuwa amri: piga kengele, rudi mwanzo wa mstari, sogeza karatasi. Wakati huohuo ikaja teletaipu ya Model 33, taipureta kubwa inayopiga kelele, iliyounganishwa na waya na yenye kisoma utepe wa karatasi pembeni. Ili mtu aweze kutuma zile amri 32, kibodi ilikuwa na kitufe cha Ctrl. Kazi yake ilikuwa hesabu tu: chukua namba ya herufi, toa 64.

Jaribu mwenyewe. S ni 83, toa 64 unapata 19. Kwenye ASCII 19 ni amri ya kudhibiti kifaa, na kwenye teletaipu ilisimamisha kisoma utepe. Q ni 81, toa 64 unapata 17, ambayo iliwasha tena. Basi hapo ndipo alipozaliwa mchawi wetu. Baadaye teletaipu zikapisha terminali za skrini, kama VT100 ya kampuni ya DEC mwaka 1978, lakini namba zikabaki na kazi ileile: terminali ikizidiwa na maandishi inatuma 19, "subiri kwanza", ikipumua inatuma 17, "haya endelea". Programu ya terminali unayofungua leo inaigiza mashine hizo. Kwa hiyo jamaa yangu hakugandisha chochote. Aliiambia mashine isubiri, nayo ikasubiri kwa adabu zote. Ctrl+Q moja tu ingemaliza mchezo.

Hesabu hiyohiyo inaeleza vioja vingine. I ni 73, toa 64 ni 9, yaani Tab. Ndiyo maana ndani ya terminali ya kawaida ukibadilisha kazi ya Tab kwenye Vim, Ctrl+I nayo inabadilika, kwa sababu kwa Vim hivyo ni kitu kimoja. M inakuwa 13, yaani Enter. Mabano ya mraba ya kufungulia yanakuwa 27, yaani Esc. H inakuwa 8, kurudi nyuma nafasi moja.

Hiyo H ilileta ugomvi mkubwa. Emacs ilianza MIT mwaka 1976, Richard Stallman akiwa mmoja wa waanzilishi, na waliigawa Ctrl yote kwa amri zao. Ctrl+H wakaipa msaada, Ctrl+S wakaipa kutafuta neno. Sasa fikiria terminali ambayo kitufe chake cha kufuta kinatuma namba 8. Unakosea herufi, unabonyeza ufute, Emacs inakufungulia ukurasa wa msaada! Na kwenye terminali zinazotumia 19 na 17 kwa kazi ya subiri-endelea, kutafuta neno hakukuwezekana. Ugomvi ulikuwa mzito kiasi kwamba GNU Emacs, iliyotoka 1985, ilikuja kuwekewa amri maalum, enable-flow-control, ambayo inahamishia kutafuta kwenye Ctrl na mkwaju wa nyuma. Yaani programu ilimpisha mwenye nyumba.

Upande wa Berkeley, Bill Joy alianza kutengeneza vi mwaka huohuo 1976, akitumia terminali ya ADM-3A. Kibodi yake haikuwa na vitufe vya mishale peke yake, mishale ilichorwa juu ya H, J, K na L. Esc ilikaa pale ilipo Tab leo, na Ctrl pale ilipo Caps Lock. Kwa hiyo kile tunachokiona ni mateso ya vi, kidole kusafiri hadi kona ya juu kutafuta Esc, kwa Joy kilikuwa hatua moja tu ya kidole kidogo. Kibodi ilibadilika, mazoea yakabaki.

Halafu wakaja watu wa kata na bandika. Larry Tesler na Tim Mott walitengeneza Gypsy pale Xerox PARC katikati ya miaka ya 1970, na Tesler akahamia Apple mwaka 1980. Lisa ya 1983 na Macintosh ya 1984 zikatupa Z, X, C na V, herufi nne zilizopangana chini ya mkono wa kushoto. Apple walikuwa wajanja hapo, hawakugusa Ctrl, waliweka kitufe kingine kabisa. Ndiyo maana mwenye Mac hadi leo ananakili kwa Command+C ndani ya terminali, na Ctrl+C inabaki na kazi yake ya kuua programu iliyogoma. IBM mwaka 1987 walipendekeza mtindo mwingine, Shift+Delete kukata na Shift+Insert kubandika. Windows iliufuata huo, kisha ikachukua Z, X, C, V za Apple lakini ikaziweka juu ya Ctrl. Hapo falme mbili zikapewa ardhi moja. Wanaotoka Windows wakiingia Vim ya terminali wanapiga Ctrl+Z kutendua, Vim inatoweka kabisa! Haijafa, Unix ya Berkeley iliipa Ctrl+Z kazi ya kuweka programu kando. Andika fg, inarudi ilipokuwa.

Kuna waliojaribu kusuluhisha. Vim ya Bram Moolenaar, iliyotoka hadharani 1991, ina faili la mipangilio linaloitwa mswin.vim. Ukiliwasha, Ctrl+V inabandika kama Windows. Lakini Ctrl+V tayari ilikuwa na kazi, kuchagua safu wima ya maandishi. Basi ikahamishiwa Ctrl+Q. Na Ctrl+Q ni ya nani? Yuleyule wa namba 17! Unazima moto jikoni unawaka sebuleni. Emacs toleo la 22, mwaka 2007, lilikuja na njia ya busara kidogo iitwayo CUA: Ctrl+C inanakili pale tu ulipokuwa umechagua maandishi, vinginevyo inabaki amri ya zamani.

Nimemtaja Moolenaar, wacha niseme hili. Mwaka 1994 huyu Mholanzi alijitolea mwaka mzima kwenye kituo cha watoto cha Kibaale, wilaya ya Rakai, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wetu, eneo ambalo ukimwi ulikuwa umeacha yatima wengi. Aliporudi hakuiuza Vim, aliwaomba wanaoipenda wawachangie watoto wale, na kwa miaka mingi ombi hilo lilikaa kwenye ukurasa wa kwanza wa programu. Alifariki Agosti 2023. Watu wengi tunaifungua kila siku na kuupita huo mstari mbio mbio kama tangazo la soda.

Haya, sasa tiba, maana historia bila tiba ni umbea. Jambo la kukumbuka ni kwamba kitufe kinapita mageti kabla ya kufika kwenye faili lako la mipangilio: mfumo wa kompyuta na madirisha yake, programu ya terminali, dereva ya terminali ndani ya Unix, halafu screen au tmux kama unatumia (screen ya 1987 inakamata Ctrl+A, tmux ya 2007 inakamata Ctrl+B), kisha kihariri chenyewe, mwisho viongezo vyake. Aliyekamata geti la mbele ndiye anayekula. Kwa hiyo usianze kwa kufuta mipangilio yako, anza kwa kuuliza geti gani.

Andika cat -v kwenye terminali, piga Enter, kisha bonyeza kitufe chako. Alama ikitokea, kitufe kinapita mageti ya mbele. Isipotokea, kuna aliyekidaka njiani. Kama skrini imeganda, Ctrl+Q, kisha stty -ixon ili isirudie, na mstari huo uuweke kwenye .bashrc. Vim mpya zinajizimia utaratibu huo zenyewe, za zamani hapana. Kama kitufe kinafika ila kinafanya mambo ya ajabu, fungua kihariri bila mipangilio: vim -u NONE, au emacs -Q. Ajabu ikiisha, mchawi yuko ndani ya faili lako. Kwenye Vim uliza :verbose map <C-s>, itakutajia faili lililoweka amri hiyo mara ya mwisho. Kwenye Emacs ni Ctrl+H kisha k, halafu kitufe chenyewe. Kwenye VS Code kumbuka sheria za keybindings.json zinasomwa kuanzia chini kwenda juu, ya chini ndiyo inashinda. Ukishindwa kabisa, zima nusu ya faili, jaribu, kisha nusu ya nusu. Mistari 200 inaisha kwa majaribio nane.

Na kama Vim inachelewa sekunde nzima kabla ya kutii, huo nao ni ugomvi. Umeipa kazi herufi moja na pia herufi hiyo ikifuatiwa na nyingine, kwa hiyo inasubiri milisekunde 1000 ijue umekusudia ipi.

Mshikaji wangu ameandika upya mradi wake, na nasikia toleo la pili ni zuri kuliko la kwanza. Ila juzi nilimwona kwenye seva ileile, skrini imeganda tena. Akacheka, akapiga Ctrl+Q, akaendelea.

Niishie hapa, kesho kuna kipindi saa moja asubuhi. Tuonane wiki ijayo wadau, na mkiona faili la akiba, pigeni R.