Skuli ya Waarabu ya Mombasa

Msomaji, ukipita vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, wakati wa alasiri, huenda ukasikia sauti za watoto wakisoma kwa pamoja nyuma ya dirisha. Hicho ni chuo. Vyuo vilikuwapo kabla Waingereza hawajatangaza himaya yao mwaka 1895. Mtoto alianza kwa alifu na be, akaandika juu ya ubao kwa kalamu ya utete, akaufuta akaandika tena, mpaka siku alipohitimu Kurani na wazazi wake wakafanya karamu. Basi usidhani kuwa mji huu ulikuwa mji wa wajinga wakingoja kufumbuliwa macho. Mashairi, hati za mashamba na barua za biashara ziliandikwa humu kwa herufi za Kiarabu miaka mingi.

Lakini herufi hizo hazikumpatia kijana kazi tena. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na maofisi yakataka makarani wajuao Kiingereza na hesabu. Kazi hizo zikatwaliwa na Wahindi, na vijana waliosomeshwa na wamisionari. Wazee wa Kiislamu hawakuthubutu kupeleka watoto huko, wasije wakarudi jioni na dini nyingine. Hofu yao haikuwa ya bure, kwani wamisionari wenyewe hawakuficha kusudi lao.

Mwaka 1912 Serikali ikafungua Skuli ya Waarabu. Miongoni mwa walioitaka alikuwa Ali bin Salim, mwana wa Liwali Salim bin Khalfan, ambaye baadaye alikuwa liwali mwenyewe. Je, wazazi walikimbilia? Hasha. Waliuliza: Kurani iko wapi? Skuli isiyosomesha dini waliiona ni nusu ya skuli, na wengine wakawaacha watoto wao chuoni. Ilipasa Serikali ikubali dini iingie darasani.

Aliyelieleza jambo hili vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Katika magazeti yake, Sahifa la mwaka 1930 na Al-Islah la mwaka 1932, aliwakemea Waislamu wenzake kwa uvivu wa kutafuta elimu mpya, wasichana wakiwamo, na papo hapo akawaonya wasiitupe dini na lugha yao. Wengi walipenda nusu moja tu ya maneno hayo, kila mtu nusu yake.

Tena lilikuwapo jina lenyewe. Nani Mwarabu? Sheria ya kodi ya mwaka 1910 iliwahesabu Waswahili pamoja na wenyeji wengine, Waarabu mbali. Watu wa Thenashara Taifa walisali msikiti mmoja na Waarabu, wakaoana nao, wakakaa mtaa mmoja, kisha karatasi ikawatenga. Mwaka 1927 waliunda chama chao, Afro-Asian Association, kudai haki. Fikiri watoto wawili wa kipenu kimoja, mmoja ana jina lililo juu ya mlango wa skuli, mwenziwe hana.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, mpango wa kugawa skuli kwa rangi na kabila ukaondolewa. Vyuo havikufungwa. Hata leo watoto wengi wa Mji wa Kale huvua sare za skuli mchana, wakavaa kanzu na kofia au buibui, wakashika juzuu zao.