Kabla ya dhahabu kulikuwa na makato ya pamba

Wadau, ukitaja jina la Buzwagi mbele ya Mtanzania yeyote aliyekuwa anafuatilia habari mwaka 2007, kitu cha kwanza kitakachomjia kichwani ni mkataba. Ulisainiwa London, Februari mwaka ule, na aliyekuwa Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi. Zitto Kabwe akalipeleka suala hilo bungeni, akasimamishwa, nchi nzima ikachemka. Novemba Rais Jakaya Kikwete akaunda kamati ya kupitia sekta ya madini na kumpa uenyekiti Jaji Mark Bomani. Mgodi wenyewe ulianza uzalishaji mwaka 2009 na ukafungwa mwaka 2021. Kelele zote zile, ukizichuja, zilibaki na swali moja: mali ikiwa ya wengi na kalamu ikawa mikononi mwa wachache, mwenye mali atajuaje kinachoandikwa?

Vijana wenzangu wengi tunadhani swali hilo lililetwa huku na dhahabu. Hapana. Ukanda huu ulishalijadili kwa ukali mkubwa zaidi ya nusu karne iliyopita, juu ya pamba. Na angalieni majina: yule Jaji Mark Bomani aliyekabidhiwa faili la dhahabu alikuwa mdogo wake Paul Bomani, mtu aliyewakusanya wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa na kuwaundia chama chao. Kaka alijenga chombo cha kulinda jasho la mkulima. Leo nataka tuongee jinsi chombo hicho kilivyokula, na kuliwa.

Turudi miaka ya mwanzo ya 1950, Jimbo la Ziwa, yaani Mwanza, Geita, Shinyanga, Maswa na jirani zake. Mkulima analima, anavuna, anabeba pamba hadi kwenye gulio. Pale gulioni mzani ni wa mnunuzi, karani ni wa mnunuzi, na daftari ni la mnunuzi. Wengi wa wakulima hawakujua kusoma namba za mzani. Malalamiko ya kupunjwa yalikuwa wimbo wa kila msimu.

Bomani, wakati huo kijana wa miaka ishirini na kitu aliyekuwa ameanza kazi katika ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, na wenzake wakaja na dawa nyepesi kuliko unavyofikiri. Hawakuanza kwa kujenga kiwanda wala kudai sheria mpya. Waliweka wapimaji wao wenyewe kwenye magulio. Mkulima anapitisha mzigo kwanza kwa mpimaji anayemwamini, anajua uzito wake, ndipo anakwenda kwa mnunuzi. Huduma hiyo mkulima aliilipia kwa hiari, kwa sababu faida yake aliiona siku hiyohiyo, palepale, kwa macho yake.

Naomba mlishike jambo hili maana ndilo lenye kiini cha habari yote. Ushirika wa pamba ulianza kama mzani. Mwanachama alikuwa anaweza kuuona ukifanya kazi.

Kutoka hapo mambo yalikwenda kasi. Mwaka 1955 likazaliwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, VFCU, Bomani akiwa meneja mkuu. Miaka hiyohiyo ya 1950 shirikisho likapata kiwanda chake cha kwanza cha kuchambua pamba, kule Kasamwa, Geita. Hebu fikiri maana yake kwa wakati ule: jineri zilikuwa za wafanyabiashara wenye asili ya Asia, halafu wakulima weusi wanajenga yao, kwa fedha zao, chini ya serikali ya mkoloni. Ilipofika mwisho wa muongo, pamba yote ya jimbo ilikuwa inapitia kwenye vyama. Watu wakaanza kuitaja VFCU kama ushirika mkubwa kuliko wote wa Waafrika barani. Mwaka 1960 Bomani akaingia serikalini kama waziri.

Sasa fedha zilitoka wapi? Hapa ndipo penye somo. Zilitoka kwenye makato. Mkulima hakuwa anaombwa mchango mkononi kama sisi tunavyoombwa mchango wa harusi. Fedha ilikatwa kwenye bei kabla hajaishika: kidogo cha chama cha msingi pale kijijini, kidogo cha chama kikuu, kidogo cha shirikisho, na bado bodi ya kuuza pamba iliyoanzishwa na serikali ilikuwa na sehemu yake. Makato ni njia nzuri sana ya kukusanya fedha. Pia ni njia nzuri sana ya kumfanya mtu asahau kwamba amelipa. Fedha ambayo hukuwahi kuishika huihesabu kama yako.

Na usimamizi ulikuwa ngazi juu ya ngazi. Mwanachama anachagua kamati ya chama cha msingi. Kamati inatuma wajumbe chama kikuu. Chama kikuu kinatuma wajumbe shirikisho. Kwenye karatasi ni demokrasia safi. Lakini mjumbe wa ngazi ya tatu, anapopiga kura kuidhinisha jengo, magari au mishahara, hajui hata sura ya mkulima aliyekatwa. Na mkulima akitaka kuuliza, anamuuliza nani? Karani wa kijijini atamwambia "agizo limetoka juu". Huko juu watamwambia "wajumbe wenu walipitisha". Wote wawili wanasema kweli!

Kufikia katikati ya miaka ya 1960 wakulima walikuwa wananung'unika wazi. Chama kilichoanzishwa kuwazuia wanunuzi wasiwapunje, sasa kilikuwa ndicho mnunuzi, na mzani ulikuwa wake. Mwaka 1966 serikali ya Mwalimu Nyerere ikaunda kamati maalumu ya kuchunguza ushirika nchi nzima. Wengi hukumbuka kwamba iligundua wizi, na kweli ubadhirifu ulikuwepo. Lakini kasoro kubwa ilizozitaja ni za kutafakari zaidi: wanachama wasiojua mambo ya chama chao, upungufu wa watumishi wanaofaa, ukosefu wa demokrasia katika vyama vikuu, ukosefu wa wataalamu, na wepesi wa vyama kuingiliwa na siasa.

Mtaona kwamba jambo la kwanza ni mwanachama asiyejua. Mtu angetegemea dawa ianzie hapo: mfundishe mwanachama kusoma hesabu, mpe nguvu ya kumwondoa kiongozi, punguza ngazi. Dawa iliyotolewa ilikwenda upande mwingine. Serikali ikachukua uendeshaji wa vyama vikuu kadhaa. VFCU ikavunjwa na nafasi yake ikashikwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza. Mwaka 1968 ikaundwa tume moja ya kitaifa ya utumishi wa ushirika. Maana yake meneja wa chama, anayelipwa kwa makato ya mkulima, ajira yake sasa inaamuliwa na tume ya serikali. Wewe ungekuwa meneja huyo ungemwogopa nani, mkulima au tume?

Mwaka 1976 serikali ikaenda hadi mwisho: vyama vikuu vyote vikafutwa. Kijiji kikageuzwa kuwa ndicho ushirika, na pamba ikakabidhiwa Mamlaka ya Pamba. Majengo, magari, jineri, akiba ya miaka ishirini ya makato, vyote vikahama bila mwanachama mmoja kuinua mkono kwenye mkutano mkuu. Mamlaka nayo ikawa na gharama zake kubwa, malipo yakachelewa, na mkulima akajibu kwa njia pekee iliyobaki mikononi mwake: akapunguza pamba, akalima chakula. Mwalimu mwenyewe, akizungumza mwaka 1984, alikiri kwamba kuvunja ushirika na kufuta serikali za mitaa ni mambo ambayo asingeyarudia kama angepewa nafasi ya kuanza upya.

Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha vyama. Ndipo ikazaliwa SHIRECU, chama kikuu cha mkoa wetu wa Shinyanga wa wakati ule, na baadaye Kahama tukawa na chetu, KACU. Lakini angalia vilivyorudi. Vilirudi kwa agizo kutoka juu, kama vilivyofutwa. Msingi wake ulikuwa kijiji, kwa hiyo mtu alijikuta mwanachama kwa sababu ya anapoishi. Hakuwahi kukaa chini akaamua kujiunga. Vilirithi viwanda vya mamlaka pamoja na madeni. Mwaka 1991 ikaja sheria nyingine iliyorudisha uanachama wa hiari, na mwaka 1994 soko la pamba likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Vyama vilivyokuwa vimezoea kuuziwa pamba yote vikakutana na watu wenye fedha taslimu mkononi. Ndani ya miaka michache vikalemewa. Benki hazikopeshi, madeni yanaongezeka, mali zinaanza kuuzwa.

Habari ya Nyanza mnaijua. Jineri, majengo na viwanja vilivyotokana na makato ya wakulima viliondoka kimoja baada ya kingine, hadi mwaka 2018 serikali, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akiwa mstari wa mbele, ilipoanza kuzirejesha mali hizo. Wengi tulishangilia, na mimi pia nilifurahi. Lakini tujiulize: mali ilipokuwa inauzwa, wanachama walikuwa wapi? Na iliporudishwa, ni nani aliyeirudisha? Mara zote mbili mwenye mali alisikia kwenye redio.

Kuna atakayesema kwamba nawaonea viongozi wa serikali, kwamba bila mkono wake wezi wangemaliza kila kitu. Hoja hiyo ina uzito. Ukaguzi wa nje ni lazima, na ndiyo maana tuna COASCO inayokagua vyama, na tangu sheria ya mwaka 2013 tuna Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Sipingi mkaguzi. Ninachosema ni kwamba kila tiba iliyotolewa tangu 1966 ilikiondoa kitabu cha hesabu hatua moja zaidi kutoka kwa mwanachama. Mkaguzi anaweza kukuambia fedha zilikwenda wapi baada ya kwenda. Hawezi kukaa kwenye kiti chako siku bodi inapopitisha matumizi.

Kwa nini nawachosha na historia hii? Kwa sababu na sisi tunakatwa. Kijana wa leo wa Kahama, Shinyanga au Geita hauzi pamba, lakini yuko kwenye SACCOS ya kazini na mshahara wake unakatwa kabla haujaingia benki. Yuko kwenye kikundi cha kununua viwanja. Anachangia ulinzi na barabara ya mtaa kupitia kamati ya wakazi. Siku ya mkutano mkuu anatuma udhuru, au anakuja kwa ajili ya soda na posho, anainua mkono wenzake wanapoinua, anaondoka. Mwaka wa pili, wa tatu, ndipo anauliza mwenyekiti kajengaje.

Kabla ya kuinua mkono kuna mambo machache ya kuulizia, na hayahitaji shahada ya uhasibu. Makisio ya mwaka jana yalikuwa kiasi gani na yametumika kiasi gani? Vikao na posho vimekula sehemu gani ya makusanyo? Chama kinadaiwa na nani, na nani aliidhinisha ukomo wa madeni? Orodha ya mali iko wapi, na kuna kilichopungua tangu mkutano uliopita? Mkaguzi ametoa hati gani, na ile ripoti yake yenyewe tunaweza kuiona, siyo muhtasari unaosomwa na mweka hazina? Mwenyekiti akijibu kwamba hayo ni ya kitaalamu, basi hapo ndipo pa kukaza buti.

Wakulima wa miaka ile ya 1950, wengi wao wasiojua kusoma, walielewa jambo ambalo sisi wenye vyeti tunalisahau. Hawakungoja tume wala kamati ya rais. Walisimama pembeni ya mzani wakatazama sindano inasimama wapi. Chama kilikuwa chao kwa muda ule wote waliokuwa wanaiona sindano.

Haya wadau, nawakilisha. Mwenye kumbukumbu za wazazi au babu zake waliouza pamba kwenye chama, naomba atuongezee. Tusiwaachie wenye vyeo peke yao kuandika historia hii.